Dawa za Jenereki na Usalama wa Mgonjwa wa Presha



Mgonjwa wa presha akifika famasia na cheti cha daktari, mara nyingi huulizwa: "Nikupe ya bei gani?" Mezani huwekwa boksi mbili. Zote ni amlodipini ya miligramu 5, lakini moja ina jina la kampuni mashuhuri ya Ulaya, na nyingine, iliyotoka India au kiwanda cha hapa nyumbani, inauzwa kwa bei ya chini sana. Wengi huamini kwamba bei ikishuka, nguvu ya dawa nayo imeshuka. Hoja yangu leo ni kwamba anayejua jina la kiambata hai cha dawa yake, yaani kemikali inayotibu, hulinda mfuko na uhai wake kwa pamoja, na sisi wenye taaluma tuna wajibu wa kumjulisha jina hilo.

Kampuni inayogundua dawa mpya hupewa hataza, ambayo kwa mikataba ya Shirika la Biashara Duniani hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Muda huo ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza, na dawa yao ndiyo huitwa jenereki. Havilazimiki kurudia majaribio makubwa yaliyokwisha kuthibitisha kwamba dawa inatibu, na hapo ndipo unafuu wa bei unapoanzia. Vinachotakiwa kuonyesha ni kwamba kiambata hai ni kilekile, kwa kiasi kilekile, na kwamba kinaingia katika damu kama kile cha dawa ya kwanza. Kwa kawaida watu wa kujitolea humeza dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, kisha damu yao hupimwa. Makadirio ya kitakwimu ya ulinganisho huo, kuanzia ya chini hadi ya juu, na si wastani peke yake, yanapaswa kubaki kati ya asilimia 80 na 125. Rangi, umbo na ladha ya kidonge vinaweza kutofautiana.

Afrika inazijua dawa za jenereki kwa matunda yake. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India iliahidi kuliuzia shirika la misaada ya tiba la Médecins Sans Frontières mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Ushindani uliofuata ulizidi kushusha bei, na mamilioni ya Waafrika wako hai leo kwa sababu ya vidonge vya jenereki.

Tusichanganye jenereki na dawa bandia. Mghushi huiga hata majina makubwa, kwa kuwa ndiko kwenye faida. Kinga ya mnunuzi wa Tanzania ni kununua dawa iliyosajiliwa na mamlaka ya kudhibiti dawa, TMDA, katika famasia au duka la dawa muhimu lenye kibali, akikagua tarehe ya mwisho wa matumizi na kudai risiti.

Mbali na kulinda mfuko, jina la kiambata lina kazi nyingine kubwa zaidi, nayo ni usalama. Asiyelijua anaweza kumeza amlodipini mara mbili kwa siku, kutoka boksi mbili zenye majina tofauti. Anaweza kumeza parasetamoli ya maumivu juu ya dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake, akapita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima, akaumiza ini. Mwenye presha anayenunua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya maumivu ya magoti anaweza kupandisha presha yake na kudhuru figo. Mama anayetumia dawa ya presha kama losatani au enalaprili amwone daktari kabla ya kubeba mimba, au mara anapogundua ni mjamzito, kwa kuwa dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Mwenye kifafa asibadilishiwe chapa ya fenitoini bila daktari wake kujua, kwani tofauti ndogo katika damu inaweza kurudisha degedege.

Presha yenyewe mara nyingi haina dalili. Anayengoja kichwa kiume ndipo ameze dawa anaacha moyo, ubongo na figo zake zikiharibika kimyakimya. Dawa ya bei nafuu inayomezwa kila siku inamfaa kuliko ya gharama anayoiacha fedha zikiisha katikati ya mwezi.

Madaktari, andikeni jina la kiambata kwenye cheti, tena kwa mwandiko unaosomeka. Wafamasia, mnapobadilisha boksi, mwambieni mgonjwa kwamba dawa ni ileile na asizimeze zote mbili. Nanyi wananchi, msiondoke dirishani kabla ya kuuliza: dawa hii inaitwaje, inatibu nini, nimeze kiasi gani, na nisiichanganye na nini? Hiyo ni haki yenu, idaini.