Mgema Hakutia Maji



Msimu wa 2020/2021 Biashara United ya Musoma ilimaliza ya nne kwenye Ligi Kuu Tanzania Bara. Mbele yake walikuwa Simba, Yanga na Azam peke yao. Nafasi ile ikaipa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mkoa wa Mara ukapata timu ya kuiwakilisha nchi. Msimu uliofuata, wa 2021/2022, Biashara ikashuka daraja.

Maelezo ya watu wakati ule ndiyo yale yale yanayotolewa kila timu ndogo inapoanguka baada ya kung'ara: wamelewa sifa. Kijiweni, kwenye daladala, hata kwenye studio zetu hizi za redio, methali hutangulia: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wachezaji wamevimba kichwa, kocha amejiona amefika, viongozi wamebweteka. Hukumu imetoka, kikao kimefungwa.

Mimi naipinga hukumu hiyo, na leo nawatetea waliohukumiwa. Timu ndogo ikifanya vizuri kupita matarajio, huanza kuanguka kabla filimbi ya msimu mpya haijapulizwa. Huangukia ofisini, kwenye mikataba, kwenye ratiba na kwenye tiketi za ndege. Wachezaji tunawalaumu kwa sababu wao ndio tunaowaona.

Tuitazame Biashara yenyewe. Msimu wa mafanikio ulikuwa haujaisha, na tayari kocha Francis Baraza, Mkenya aliyekuwa akiinoa timu, alikuwa ameondoka kwenda Kagera Sugar. Timu ikaingia mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza chini ya benchi jingine la ufundi. Hata hivyo ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 hapa Dar es Salaam, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Musoma. Timu iliyokuwa inajifunza michuano ya Afrika ilikuwa inaongoza mbili bila dhidi ya klabu yenye jina kubwa Afrika Kaskazini. Mechi ya marudiano haikuchezwa. Safari ya Libya ilikwama, timu haikufika, ikaondolewa kwenye mashindano.

Naomba hilo tulitafakari kwa haki. Vijana wale walifanya kazi yao uwanjani. Waliotakiwa kuwafikisha Libya ndio walioshindwa, na sisemi hivyo ili kumtafuta mtu mmoja wa kumsulubu. Kuisafirisha timu Afrika kunataka visa, vibali, ndege na fedha nyingi taslimu, tena kwa siku chache. Wakati ule Shirikisho la Soka Afrika, CAF, halikuwa linazilipa klabu zinazoishia hatua za awali. Utaratibu wa kuipa kila klabu dola 50,000 kwenye hatua hizo ulikuja mwaka 2023. Maana yake ni kwamba zawadi ya Biashara kwa kumaliza ya nne ilikuwa gharama ambazo haikuwahi kuzibeba.

Kisha timu inarudi nyumbani na kukuta viporo. Kila anayefuatilia ligi yetu anaijua hali hii. Ukienda kucheza mechi za CAF, mechi zako za ligi zinasogezwa mbele, na baadaye unazicheza katikati ya wiki huku wenzako wakipumzika. Leo uko Mbeya, siku tatu baadaye Bukoba. Simba na Yanga wana wachezaji wa kutosha kupanga vikosi viwili, na wanapanda ndege. Klabu ya mkoani ina wachezaji kumi na wanne wa kutegemewa na basi moja. Ikifika Februari misuli inaanza kukataa, na sisi tunasema hawajitumi.

Ya Biashara haikuwa bahati mbaya ya timu moja. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne. Mshambuliaji wake, George Mpole, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akiwapita mastaa wote wa Simba na Yanga, klabu za Kariakoo. Tiketi ya Kombe la Shirikisho ikapatikana, nayo ikaishia mikononi mwa Hilal Alsahil ya Sudan. Mpole hakudumu Geita, akaenda kucheza Congo, katika klabu ya Lupopo ya Lubumbashi. Geita ilijikaza msimu ule, lakini ilipofika mwisho wa 2023/2024 nayo ilishuka daraja.

Kuna jambo ambalo mashabiki hatulioni. Mikataba mingi ya klabu zetu ndogo ni ya mwaka mmoja au miwili. Mchezaji aking'ara, thamani yake inapanda miezi ile ile ambayo mkataba wake unaelekea ukingoni. Dirisha la usajili likifunguliwa anaondoka akiwa mchezaji huru, na klabu iliyomlea haipati hata senti. Kumbe mafanikio yanaitajirisha klabu jirani! Wewe uliyemtoa mtaani unabaki na picha zake ukutani na pengo kwenye safu ya ushambuliaji.

Kwa hiyo mgema wetu hakutia maji. Aliongezewa minazi ya kupanda, akanyang'anywa vibuyu, kisha akaulizwa mbona tembo limepungua.

Msikilizaji, usidhani hili ni tatizo la umaskini wetu tu. Mwaka 2016 Leicester City walitwaa ubingwa wa England kwa pointi 81, ilhali kabla ya msimu kampuni za kubashiri ziliwapa nafasi ya 5,000 kwa moja. Msimu ule hawakuwa na mashindano ya Ulaya, na kwenye vikombe vya ndani walitolewa mapema. Kocha Claudio Ranieri mara nyingi alikuwa na wiki nzima ya kuandaa mechi moja. Baada ya sherehe, N'Golo Kanté akauzwa Chelsea. Steve Walsh, mtu mkubwa katika kusaka vipaji pale klabuni, akaenda Everton. Ligi ya Mabingwa ikaongeza mechi 10 kwenye ratiba. Msimu mpya ukaanza kwa kufungwa 2-1 na Hull City, timu iliyokuwa imepanda daraja miezi michache tu nyuma. Tarehe 23 Februari 2017, Leicester ikiwa pointi moja juu ya mstari wa kushuka, Ranieri akafukuzwa. Hata miezi kumi ilikuwa haijatimia tangu abebe kombe.

Hapa mtu makini atanipinga, na ana haki. Atasema: mbona Ranieri alipoondoka, Leicester chini ya Craig Shakespeare ilishinda mechi tano za ligi mfululizo? Si ushahidi kwamba wachezaji walikuwa wamegoma tu? Sikatai kwamba kocha na wachezaji wakichokana, timu hulegea. Lakini kumbuka kwamba nafasi ya Kanté haikuzibwa sawasawa hadi Januari 2017, alipofika kijana wa Nigeria, Wilfred Ndidi, kutoka Genk. Nusu msimu mzima timu ilicheza bila mtu wa kuzoa mipira pale katikati, huku ikisafiri Ulaya. Ilimaliza ya 12 kwa pointi 44, na kwenye Ligi ya Mabingwa ilifika robo fainali. Walevi wa sifa hawafiki robo fainali ya Ulaya.

Girona ya Hispania imepita njia hiyo hiyo. Msimu wa 2023/2024 ilimaliza ya tatu kwa pointi 81. Artem Dovbyk, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 24, akaenda Roma. Aleix García akaenda Bayer Leverkusen. Savinho, aliyekuwa kwa mkopo, akatua Manchester City. Ligi ya Mabingwa walicheza mechi nane, wakafungwa saba. Nyumbani wakamaliza ya 16 kwa pointi 41, karibu nusu ya zile za mwaka uliotangulia. Kocha Míchel alikuwa yule yule, uwanja ule ule. Timu ndiyo iliyokuwa nyingine.

Kuna sababu nyingine mbili zinazohusu mpira wenyewe. Ya kwanza, wapinzani wanakusoma. Mwaka wa kwanza wanakuja kukushambulia kwa kukudharau, wanaacha mashamba nyuma yao, na wewe unawakimbiza. Mwaka wa pili wanakaa nyuma, wanakuachia mpira na kukwambia: haya, tufungue. Timu iliyozoea kushambulia kwa kushtukiza inajikuta inaombwa ufundi ambao haikusajili wachezaji wa kuufanya. Ya pili ni bahati, na tuitaje kwa jina lake. Mwaka wa ajabu una mechi nyingi za bao moja kwa bila, mipira iliyogonga mwamba wa kwako na kutoka, na mwaka mzima bila majeruhi wakubwa. Mambo hayo hayajirudii kwa kuagizwa. Timu ikirudi kwenye kiwango chake cha kawaida, hakuna aliyetenda dhambi.

Basi kifanyike nini? Wengine wanadhani dawa ni kufumua kikosi. Ujerumani ilishawahi kutoa somo hilo. Nürnberg walikuwa mabingwa mwaka 1968. Kocha wao, Max Merkel, akaachana na wachezaji kadhaa waliompa ubingwa, akiwemo mfungaji wao mkuu Franz Brungs, akaleta wapya wengi. Mwaka 1969 mabingwa wale wakashuka daraja. Kuvunja kwa hiari huleta hasara ile ile ya kuvunjwa na wengine.

Kinachosaidia ni kina cha kikosi. Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2018/2019, kisha Agosti 2019 wakatolewa hatua ya awali kabisa na UD Songo ya Msumbiji. Aibu ilikuwa kubwa, lakini msimu ule ule walitwaa ubingwa wa ligi. Walikuwa na watu wa kutosha na fedha za kustahimili pigo moja. Klabu ndogo haina uwezo huo, kwa hiyo inahitaji mipango zaidi kuliko Simba, si pungufu.

Kwa viongozi wa klabu, nasema hivi. Januari, timu ikiwa bado inashinda, kaeni na kila mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza mwaka au chini ya mwaka, mumwongezee muda. Akiondoka, aondoke kwa ada, na fedha ile izibe kwanza nafasi aliyoiacha kabla ya kununua kingine chochote. Msimu mpya ukianza, waambieni mashabiki ukweli: lengo la kwanza ni kubaki Ligi Kuu. Hakuna fedheha katika kumaliza ya nane baada ya kumaliza ya nne.

Kwa TFF na Bodi ya Ligi, klabu inayokwenda Afrika inabeba bendera ya taifa, na ikifika hatua ya makundi matokeo yake yanaingia kwenye hesabu ya CAF inayoamua nchi yetu ipate nafasi ngapi. Isiachwe ihangaike peke yake na visa na ndege. Wawepo watu wa kudumu wenye kazi hiyo, wanaoijua, wanaoanza kuifanya siku droo inapotoka. Na viporo vipangwe kwa kuhurumia miguu ya wachezaji, si kwa kuhesabu siku tu.

Nasi mashabiki tuna wajibu wetu. Mwishoni mwa msimu huu huenda timu moja ya mkoani ikamaliza kwenye nne bora. Tutashangilia, na tushangilie kwelikweli, maana ligi inayotawaliwa na mitaa miwili ya Kariakoo inazihitaji timu hizo kuliko zenyewe zinavyojua. Lakini wiki ile ile, kabla ya kuuliza nani anasajiliwa, tuwaulize viongozi wake maswali mawili: wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza wanamaliza mikataba, na nani analipa nauli ya mechi ya kwanza ya ugenini? Wakikosa majibu, tuwabane siku hiyo hiyo, ligi ikiwa bado haijaanza na muda wa kurekebisha ukiwepo.