Cheti Hiki ni cha Nani?



Tumekutana hapa Tunduma, mji wa biashara ya mpakani. Hata hivyo wengi wetu tuna shamba au ndugu kule Mbozi, ambako kahawa ndiyo ada ya shule na dawa ya mgonjwa. Jambo lolote linaloigusa kahawa lagusa uhai wa familia.

Siku hizi wakulima wanahimizwa wawe na cheti, kama cha Fairtrade au cha Rainforest Alliance. Masharti yake mengi ni mema: kutunza vyanzo vya maji, kutowatumikisha watoto, kutumia viuatilifu kwa uangalifu. Hatuna sababu ya kuyapinga. Tena, Agosti 2023, bei ya chini ya Fairtrade kwa kahawa ya arabika iliyooshwa iliwekwa kuwa dola 1.80 za Marekani kwa ratili, pamoja na nyongeza ya senti 20 kwa maendeleo ya wanachama. Soko likipanda zaidi, hulipwa bei ya soko, na nyongeza juu yake.

Lakini tuelewe vema. Bei hiyo huhesabiwa bandarini, kahawa ikiwa imekwisha kukobolewa; kabla haijamfikia mkulima hukatwa usafiri, ukoboaji na gharama za chama. Wala si kahawa yote yenye cheti inayompata mnunuzi wa cheti. Inayosalia huuzwa kama nyingine yoyote, ingawa jasho ni lile lile.

Hapo ndipo swali la haki linapozuka. Cheti kikiwa cha chama cha msingi, wanachama huweza kuamua juu ya nyongeza. Kikiwa cha mnunuzi, mkulima akimwacha hukiacha na cheti, akaondoka na jembe lake tu. Tena tumeona daftari la wanachama lenye jina la mume pekee, ilhali mama ndiye apaliliaye na kuchuma. Siku ya mkutano yeye yuko shambani.

Nabii Amosi aliwakemea wenye mizani ya udanganyifu. Karatasi asiyoielewa mkulima yaweza kuwa mizani ya namna hiyo.

Basi tunazisihi Jumuiya Ndogo Ndogo ziwahimize wakulima waulize katika vyama vyao: Cheti kiko kwa jina la nani? Nyongeza ya msimu uliopita ilikuwa kiasi gani, nayo ilifanya nini? Kina mama wameandikwa? Majibu yasomwe mbele ya wote. Kuuliza si uasi. Ni wajibu wa mwenye mali.

Mungu awabariki.