Usianze na Kabureta
*Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa mafundi na wenye magari ya zamani, Changamwe*



Nina Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba. Wazee hapa wanaijua: ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na ndugu yake mwenye injini ya V6 akashinda 1978. Yangu ilinizimikia kwenye mwinuko wa kivuko, upande wa Likoni, ndiyo kwanza tunatoka ferini. Nyuma yangu lori, kushoto na kulia watu wanapanda kwa miguu. Breki ya mkono ilishika, alhamdulillahi.

Chanzo chake nilikijua. Kwa wiki kadhaa gari lilikuwa likitetemeka na kumisi kila linaposimama. Fundi mmoja akazungusha skrubu ya kabureta, mngurumo ukapanda, tukaagana. Ugonjwa ulifichwa tu. Pointi zilikuwa zimelika, taimingi imechelewa, na taimingi ikichelewa injini hupata joto. Foleni ya feri ikamaliza kazi.

Kwa hivyo nawaomba: kabureta iwe ya mwisho. Anza na plagi na nyaya zake, kisha fungua kifuniko cha distribyuta. Hapa kwetu hewa ina chumvi na unyevu, vijino vya shaba ndani ya kifuniko huota kutu ya kijani. Visafishe, vikaushe, tazama kama kuna ufa. Halafu pima mwanya wa pointi kwa kipimo chembamba cha chuma. Magari mengi hutaka karibu milimita 0.4, lakini fuata kitabu cha gari lako. Usipime taimingi kabla ya hapo, maana ukibadilisha mwanya, taimingi nayo inahama.

Huna taa ya taimingi? Balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili inatosha. Injini ikiwa imezimwa, toa plagi ya silinda namba moja, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa mkono hadi usikie upepo ukisukuma. Endelea polepole mpaka alama ifike kwenye digrii zilizoandikwa kitabuni. Na jamani, kwenye 504 namba moja iko upande wa gia, si upande wa feni kama Toyota. Ukikosea hapo, gari litapiga risasi kwenye kabureta na halitawaka.

Funga waya mmoja wa balbu kwenye waya mwembamba unaotoka koili kwenda distribyuta, mwingine kwenye bodi. Washa swichi bila kupiga stata. Legeza distribyuta, izungushe kufuata mwendo wa rota hadi balbu izime, kisha irudishe taratibu. Pale balbu inapowaka tu, pointi zimefunguka. Kaza hapo hapo, zima swichi, maana koili huchemka ikiachwa.

Washa injini. Ikiwa bado inatetemeka, tafuta hewa inayoingia kwa wizi: mipira midogo iliyopasuka, gasketi chini ya kabureta. Nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umelipata tundu. Wengine hunyunyiza petroli. Msifanye hivyo, nimeshaona boneti iliyoungua.

Sasa ndipo kabureta ina haki yake. Injini ikiwa na moto wake wa kawaida, kaza skrubu ya mchanganyiko hadi ianze kuyumba, ilegeze hadi itulie, kisha weka mwendo karibu mizunguko 800 hadi 900 kwa dakika.

Fanyeni kazi hii nje, si ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa petroli huua bila harufu ya kukuonya. Mikono ya kanzu na ncha za leso ziwe mbali na feni.

Kisha lipeleke gari kwenye kilima chochote. Likigonga kama mawe ndani ya kopo ukikanyaga mafuta, taimingi imewahi mno. Irudishe nyuma kidogo, digrii moja au mbili, ujaribu tena kabla ya kwenda kupanga foleni ya feri.