Nani Anajua, na kwa Muda Gani: Kamera na Taharuki katika Dakika za Mwanzo za Filamu



Hoja yangu ni fupi. Taharuki haizaliwi na giza, wala damu, wala muziki wa kutisha. Inazaliwa na namna habari zinavyogawiwa: mtazamaji anajua nini, mhusika hajui nini, na hali hiyo inaachwa idumu kwa muda gani. Mgawaji ni kamera. Nimechagua dakika za mwanzo za filamu kwa sababu pale hatujampenda mhusika yeyote, na kisa chenyewe hatujakijua. Kama tayari tumeshika pumzi, basi kazi hiyo imefanywa na picha.

Mwaka 1962, Alfred Hitchcock alimfafanulia François Truffaut jambo hili kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Likilipuka bila sisi kujua kuwa lipo, tunapata mshtuko wa sekunde 15. Tukioneshwa bomu kwanza, kisha tukaachwa tuwasikilize waliokaa mezani wakipiga soga, tunahangaika kwa dakika 15. Wanaozungumza hawana habari. Sisi tunayo, na hatuwezi kuwaonya.

Miaka minne kabla ya mazungumzo hayo, Orson Welles alikuwa ameshalitia bomu hilo kwenye buti la gari. *Touch of Evil*, ya mwaka 1958, inafunguka kwa mikono inayotega saa ya bomu. Mtu anakimbia, analificha ndani ya gari, anatoweka. Mwanamume na mwanamke wanakuja wakicheka, wanaingia garini, wanaondoka. Kamera ya Russell Metty, ikiwa juu ya kreni, inapaa juu ya paa, inashuka mtaani na kurudi nyuma huku gari likiifuata. Trafiki analisimamisha gari. Mbuzi wanakatiza njia. Maharusi wawili, afisa wa Meksiko na mkewe Mmarekani, wanatembea kwa miguu kuelekea mpakani, na kila mara gari linawakaribia, linawapita, kisha wanalikuta tena. Kwenye kizuizi cha mpaka, mwanamke aliye garini analalamika kwamba anasikia mlio wa saa kichwani. Hakuna anayemjali. Gari linatoka kwenye fremu, maharusi wanabusiana, na ndipo mlipuko unasikika.

Yote hayo, zaidi ya dakika tatu, ni shoti moja isiyokatwa. Wengi huisifu kwa ustadi wa kreni. Mimi naona siri yake iko kwenye saa. Mhariri anapokata picha anaweza kuruka muda au kuurefusha, na mtazamaji, hata asipojua fani hiyo, amezoea kuruka naye. Welles amemnyima nafasi hiyo. Dakika za bomu ndizo dakika zetu. Isitoshe, kamera haing'ang'anii gari. Mara kadhaa inaliacha na kuwafuata watembea kwa miguu, nasi tunabaki tukilitafuta kwa macho pembezoni mwa picha. Anayeogopa anapekua fremu nzima.

Kampuni ya Universal ilibandika majina ya waigizaji na mafundi juu ya shoti hiyo, na kuifunika kwa muziki wa Henry Mancini. Welles alikuwa ameandika waraka wa kurasa 58 kueleza jinsi filamu yake ilivyopaswa kuhaririwa. Mwaka 1998, Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata. Maandishi yakaondolewa, na mahali pa muziki ule zikaja sauti za mtaani: kumbi za burudani, na redio ya gari lenyewe. Sasa gari likiondoka machoni, bado sikio linaweza kulifuata.

Msiondoke hapa mkidhani kwamba shoti ndefu ndiyo dawa. Fritz Lang, katika *M* ya mwaka 1931, alikata picha, na taharuki ikapanda. Elsie, mtoto wa shule jijini Berlin, anadundisha mpira wake kwenye bango linalotangaza zawadi kwa atakayemfichua muuaji wa watoto. Kivuli cha mwanamume kinaangukia bango hilo. Sisi tumekwisha kujua. Mama, aliyeandaa meza, hajui. Anaita jina la mwanawe, na juu ya sauti yake Lang anapanga picha tupu: ngazi zisizo na mtu, dari yenye nguo zilizoanikwa, sahani isiyoguswa. Kisha mpira unabiringika kutoka vichakani, na puto linanasa kwenye nyaya. Mauaji hayaoneshwi. Kila picha tupu inatukabidhi sehemu ya habari ambayo mama bado hajaipata.

John Carpenter aliugeuza mgawanyo huo katika *Halloween*, mwaka 1978. Kamera ya Dean Cundey, iliyofungwa mwilini kwa kifaa cha Panaglide, inachungulia dirishani, inaingia jikoni, inachukua kisu, inapanda ngazi. Tunaona kila akionacho muuaji, ila yeye mwenyewe hatumwoni. Anapovaa kinyago, dunia inabaki matundu mawili. Baada ya kumuua dada yake anatoka nje, wazazi wanamvua kinyago, na hatimaye kamera inatugeuzia upande wa pili: ni mtoto wa miaka sita. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tulikuwa tumekopeshwa macho yake.

Wanafunzi wangu hupenda kufungua filamu kwa droni juu ya jiji. Sina ugomvi na droni. *Psycho* ya mwaka 1960 nayo inaanza kwa mandhari ya Phoenix, Arizona, ikitupa hata siku na saa: Ijumaa, Desemba 11, saa 8:43 mchana. Lakini kamera haiishii kulitazama jiji. Kati ya madirisha yote inachagua moja, inapenya chini ya pazia lililoshushwa nusu, na kutufanya wapelelezi wa wapenzi wasiojua kuwa wanaonwa. Mandhari isiyochagua dirisha ni picha ya kadi ya posta.

Kwa hiyo, kabla hamjabishana kuhusu lenzi au kuazima kreni, andikeni pembeni ya kila tukio la mwanzo: nani anajua, nani hajui, na lini watalingana. Mkishindwa kulijibu hilo, vifaa havitawajibia. Mkiweza, hata kamera ya simu iliyosimamishwa juu ya kiti itatosha.