Mfarishi wa Kijana: Namna ya Kuchagua Vitambaa na Nakshi



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ya sindano, nayo ni kushona mfarishi wa viraka kwa ajili ya kijana. Mfarishi ni nguo ya kujifunikia yenye matabaka matatu. Juu huwa vitambaa vilivyoungwa kwa nakshi, katikati huwa kitu cha kutia joto, na chini huwa bitana. Kisha matabaka yote matatu hushikwa pamoja kwa uzi upitao toka juu hata chini. Watu wakaao katika nchi za baridi, kama Njombe, Lushoto na Limuru, hawana haja ya kuelezwa faida yake. Mwanafunzi alalaye bwenini katika milima ile hujua mwenyewe, usiku wa mwezi wa Julai, kama nguo yake yamtosha au haimtoshi.

Lakini kushona si jambo gumu sana. Ajuaye kushona mshono ulionyoka aweza kushona mfarishi. Jambo gumu ni kuchagua, na wengi huharibikiwa hapo, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kwa hiyo twapenda kusema habari za kuchagua.

Kijana wa miaka 13 au 14 si mtoto tena, wala hajawa mtu mzima. Mtoto mchanga hushonewa kitu chochote, naye hulala. Kijana ana macho yake na mapenzi yake. Akipewa nguo yenye picha za vifaranga na maua ya kitoto, hatasema neno, maana amefundishwa adabu. Ataipokea kwa mikono miwili, atashukuru, kisha ataikunja na kuitia chini kabisa ya sanduku. Hapo kazi ya miezi mitatu imekwenda bure. Na lililo baya zaidi, kijana amejifunza ya kuwa wakubwa wake hawakumtazama walipokuwa wakimshonea. Tena, akiachiwa achague kila kitu peke yake, huenda akataka hariri itelezayo sindanoni, au nakshi yenye pembetatu mia tano ambayo haitakwisha hata yeye mwenyewe aoe. Wazee walisema, mchagua nazi hupata koroma.

Basi twasema, uchaguzi na ugawanywe. Mzazi achague mambo matatu: nguvu ya kitambaa, kipimo, na gharama. Kijana achague mambo mawili: rangi na nakshi. Wala mmoja asiingie katika shamba la mwenziwe. Mwana akitaka rangi za timu yake ya mpira, nyekundu na nyeusi, mama asiseme kuwa ni rangi za ukali. Na mama akisema kitambaa hiki ni chepesi mno, hakitavumilia kufuliwa, kijana asinung'unike.

Labda mtauliza, je, kazi hii si ya watu wenye mali? Sivyo. Walioijua vizuri kupita wengine walikuwa maskini. Katika Marekani, jimbo la Alabama, kiko kijiji kiitwacho Gee's Bend, mahali mto unapopinda. Wenyeji wake wengi ni wazao wa watumwa waliolima pamba pale. Wanawake wa kijiji kile walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi na kwa magunia ya unga, wapate kuwafunika watoto wao. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alizichukua nguo za marehemu za shambani akazishona mfarishi. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji kile ilitundikwa ukutani katika jumba kubwa la sanaa la mji wa Houston, watu wakaitazama kama watazamavyo picha za mafundi wakuu.

Na katika Bara Hindi, jimbo la Karnataka, wako Wasidi, wazao wa Waafrika waliopelekwa kule zamani. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa vipande vya nguo zilizochakaa. Huanza ukingoni, wakazunguka na kuzunguka mpaka wakafika katikati. Na katika kila pembe hutia kitambaa kidogo kilichokunjwa, kiitwacho phula, maana yake ua. Mfarishi usio na maua hayo kwao haujakamilika.

Twajifunza nini kwa watu hao? Twajifunza ya kuwa kitambaa hakichaguliwi kwa rangi tu. Huchaguliwa pia kwa sababu ya mtu aliyekivaa. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mwulizeni kijana: “Wapenda nguo ya nani iwemo?” Huenda atataka kipande cha shati la babaye, au kanga ya bibi yake, au sare ya shule aliyokwisha kuikulia. Atakapokuwa mbali na nyumbani, vipande hivyo vitakuwa karibu naye.

Sasa tuje katika vitambaa vyenyewe.

Kwanza, viwe vya jamii moja. Pamba ikae na pamba, yenye unene wa kati kama kitenge, kanga nzito au shati. Ukiunga drili na melimeli, drili itaivuta melimeli mpaka ipasuke kando ya mshono. Nguo kuukuu itumiwe, lakini iinueni kwanza mbele ya mwanga wa dirisha. Ikionyesha mwanga kama chekecheo, uzi wake umekwisha kuchoka, waacheni wanaofanya matambara waichukue.

Pili, kila kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kukatwa. Pamba mpya hurudi ikiingia majini, yaani hupungua urefu na upana. Na kama kimoja kimerudi na kingine hakikurudi, mfarishi utakunjamana siku ya kwanza ya kufuliwa. Tena ziko nguo zinazochuja, hasa nyekundu na buluu nzito. Ilowesheni pamoja na kipande kidogo cha bafta nyeupe. Bafta ikitoka na rangi, rudieni kuifua mpaka maji yawe safi. Isipokoma kuchuja, isitiwe kabisa.

Tatu, angalieni weusi na weupe wa vitambaa. Wengi hudhani nakshi huonekana kwa sababu ya rangi mbalimbali. La, huonekana kwa sababu kimoja ni cheusi kuliko mwenziwe. Nyekundu na kijani zikiwa na uzito mmoja, ukizitazama jioni zote mbili huwa kitu kimoja, nakshi ikapotea. Tandazeni vitambaa vyote chini, mrudi nyuma hatua kumi, mfinye macho. Vile vinavyozama ni vyeusi. Vile vinavyoinuka ni vyeupe. Mwachieni kijana avigawanye mafungu mawili mwenyewe. Atafurahi kuona ya kuwa rangi aitakayo, yoyote iwayo, yaweza kupata mahali pake.

Nne, jihadharini na maua makubwa. Kitenge kizuri dukani huenda kikawa si kizuri kikikatwa vipande vya inchi 4, kwa maana ua hukatika kichwa. Kateni tundu la mraba wa inchi 4 katika karatasi, mlisogeze juu ya kitambaa. Mtakachokiona ndani ya tundu ndicho mtakachokiona katika mfarishi. Na kanga ina jina lake lililoandikwa. Kukata maneno hayo vipande vipande ni kumkata mtu kauli. Ni heri jina likatwe zima, lishonwe nyuma, katikati ya bitana.

Sasa nakshi. Ziko nyingi sana, lakini twawatajia tatu tu.

Ya kwanza ni Nyota. Nyota hutengenezwa kwa pembetatu, nayo hupendeza mno. Lakini pembetatu ina upande mmoja uliokatwa kwa hanamu, na kitambaa kilichokatwa hanamu huvutika kama mpira. Fundi aanzaye akijaribu nyota, ncha hazikutani. Nakshi hii na ingoje mfarishi wa pili.

Ya pili ni ile Wamarekani waiitayo Nyumba ya Magogo. Huanza kwa mraba mdogo katikati, ambao mara nyingi huwa mwekundu, nao husema huo ni moto wa jikoni. Kisha vipande vyembamba huzungushwa, pande mbili vyeusi na pande mbili vyeupe, mpaka nyumba ikamilike. Hufaa kwa wenye mabaki membamba mengi, nayo yataka uvumilivu.

Ya tatu ni Viraka Tisa: miraba mitatu kwa mitatu, vitano vyeusi na vinne vyeupe, vikipishana kama ubao wa dama. Hii ndiyo twaisifu kwa wanaoanza, kwa kuwa mishono yake yote imenyoka. Kijana asidhani ya kuwa ni nakshi ya kitoto. Ikipishana na miraba mitupu, huonekana kama vijia vinavyokatana kitandani kote. Na vitambaa vyake vyaweza kubadilishwa kwa namna nyingi hata mifarishi miwili isifanane.

Mwonyesheni kijana zote tatu kwa kalamu na karatasi, mmweleze kazi ya kila moja, kisha achague. Akichagua iliyo ngumu hali amekwisha kujua ugumu wake, basi na ashike sindano yeye mwenyewe pia, awe mvulana au msichana.

Sasa hesabu, nanyi wanafunzi mshike kalamu. Mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja uwe na upana wa inchi 60 na urefu wa inchi 84. Mraba mkubwa mmoja una inchi 12 kila upande. Basi ni miraba 5 kwa 7, jumla 35. Miraba 18 iwe ya Viraka Tisa, na 17 iwe mitupu, ikipishana, na ile ya pembeni yote minne iwe ya viraka. Viraka vidogo ni 18 mara 9, yaani 162: vyeusi 90 na vyeupe 72. Kila kiraka kikatwe inchi 4 na nusu, kwa sababu mshono utakula robo inchi kila upande. Na miraba mitupu ikatwe inchi 12 na nusu.

Kwa kitambaa chenye upana wa inchi 44, nunueni yadi 1 na nusu ya cheusi, yadi 1 na robo ya cheupe, na yadi 2 na robo ya miraba mitupu. Jumla yadi 5. Lakini mkiwa na mabaki ya nguo nyumbani, viraka vidogo vyote havitawagharimu kitu, mtanunua yadi zile 2 na robo tu. Bitana ni yadi 5 za marekani, zikatwe vipande viwili na kuungwa ubavuni. Kitakachobaki pembeni chatosha kufunga ukingo wote. Kitambaa hicho kilipata jina kwa sababu wafanya biashara wa Marekani walikileta Unguja katika karne ya 19. Basi si ajabu kikitumika katika kazi ambayo wanawake wa Marekani nao waliipenda.

Kwa tabaka la katikati, blanketi kuukuu lililofuliwa lafaa kuliko sufi, maana sufi hukimbilia pembeni. Pigeni bandi matabaka yote matatu yasihame, kisha mfunge fundo la uzi wenye nguvu penye kila pembe ya viraka vidogo, na katika miraba mitupu mfunge kwa nafasi ile ile ya inchi 4.

Neno letu la mwisho ni hili. Msikate viraka vyote siku moja. Shoneni mraba mmoja tu, muuweke juu ya kitanda cha kijana, uachwe hapo muda wa juma moja. Auone asubuhi na auone kwa taa. Kama baada ya siku saba bado aupenda, kateni vingine vyote bila ya hofu. Kama haupendi, mmepoteza viraka tisa tu, nanyi mmepata kumjua mwanenu zaidi kuliko mlivyomjua kabla. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi kuwa kizima, lakini swali lililoulizwa mapema halina hasara.