Tuta la Mbegu na Majani ya Utupa



Mtu wa ziwani akisikia mti uitwao utupa, hufikiria samaki kwanza. Majani yake yakitwangwa na kutiwa majini, samaki huelea, kwa sababu sumu ya rotenoni iliyomo huzuia seli zao kutumia oksijeni. Wadudu wa mboga hufa kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaohubiri kwamba dawa ikitoka porini haina madhara. Mito ya Mulongwe na Kalimabenge huishia ziwani, kwenye ndagala wetu, na kinachomwagwa kandokando ya mito hiyo kitafika huko.

Hata hivyo naitetea dawa hii ya utupa, hasa kwa kazi ya mbegu. Lengalenga lililonawiri ndilo linalong'olewa kwanza kwenda sokoni. Mbegu huvunwa kwenye mabaki. Tutenge tuta dogo, mbali na maji, tuliwekee mashina bora kabla mnunuzi hajayaona. Kwenye tuta hilo hatuchumi majani ya kula, basi dawa haitufuati sufuriani, na kiasi kidogo kinatosha.

Tazameni kunde. Kunguni wa maganda huchoma ganda changa na kufyonza mbegu zikiwa laini, zikanyauka au zikaota kwa unyonge. Fukusi naye hutaga juu ya maganda yanayokauka, kisha tunambeba wenyewe hadi ghalani. Kwa hiyo maganda yanapoanza kujaa ndipo bomba lifanye kazi, ilhali wengi wetu tumeshaacha kunyunyizia. Twangeni majani, yalowekeni usiku kucha pamoja na sabuni kidogo, maana rotenoni haiyeyuki vizuri katika maji matupu, kisha chujeni. Nyunyizeni jioni: jua huiharibu rotenoni, na saa hizo nyuki wamesharudi mzingani. Funikeni pua na mdomo, na maji ya kuoshea bomba yamwagwe kwenye ardhi kavu, kamwe yasimwagwe mtoni.

Kuna adui mmoja ambaye utupa haumwahi. Vidukari hueneza virusi vya mabaka kwa kuonja jani kwa muda mfupi tu, na virusi hivyo hupita ndani ya mbegu hadi msimu unaofuata. Shina la kunde lenye mabaka ling'olewe mapema, hata kama lina maganda mazuri. Najua inauma.

Tena si kila utupa una nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu utupa wa Malawi ulionyesha kuna aina mbili zisizotofautishwa kwa macho: moja ina rotenoni na jamii yake, nyingine haina, na hiyo ya pili haikuua fukusi wa kunde. Mkulima aliyechuma ya pili atasema dawa za asili ni uongo, na kwa shina lake atakuwa amesema kweli. Naomba tujaribu kabla ya kuamini: makopo mawili ya kunde zenye fukusi, moja likiwa na unga wa majani makavu ya utupa, jingine bila kitu. Kunde za kopo lenye unga zibaki za kupanda tu, zisipikwe. Na mti wa utupa ambao unga wake umeua fukusi, mbegu zake ndizo tugawane.