MKONO WA MPIGA MSHALE

Somo: 2 Wafalme 13:14–19

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya upinde na mshale, na hasa jinsi mtu anavyolenga kitu kilicho mbali.

Wazee wetu waliyajua mambo haya. Wakamba walisifika kwa upinde, na Waata wa nyika ya Tsavo walikuwa na pinde ngumu mno. Hata hivyo mwindaji wao alimnyemelea ndovu mpaka karibu sana, kwa maana kwa karibu mshale hauna nafasi ya kupotea. Uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977. Lakini upinde bado hutumika katika mashindano, na huko mtu hawezi kuinyemelea shabaha. Ikiwa mbali, hana budi kuipiga kutoka mbali.

Basi afanyeje? Mshale uendao meta 50 kwa sekunde moja, ukitupwa kwenye shabaha iliyo meta 50, hukaa hewani kama sekunde moja. Katika muda huo mfupi dunia huuvuta chini karibu meta 5. Kwa hiyo aliyeuelekeza mshale wake sawasawa kwenye shabaha ya mbali atauona ukichoma udongo kabla ya kufika. Hakulenga vibaya kwa jicho lake, lakini amepungukiwa.

Mwanafunzi akiona hivyo hudhani dawa ni kuvuta kwa nguvu zaidi. Mkono hutetemeka, na mshale huenda kombo. Fundi hafanyi hivyo. Ugwe huuvuta mpaka mahali pale pale pa kila siku, penye pembe ya mdomo au shavuni. Anachobadilisha ni kuuinua mkono ulioshika upinde. Wengine huchagua tawi la mti lililo nyuma, juu ya shabaha, wakaielekeza ncha ya mshale kwenye tawi hilo. Tena akiisha kuachia, haushushi mkono upesi. Hutulia mpaka mshale ufike.

Ndugu zetu, Neno la Mungu lalijua jambo hili la kukosa shabaha. Katika Waamuzi 20:16 twasoma habari za watu 700 wa mkono wa kushoto, waliotupa mawe kwa kombeo bila kukosa. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ndilo lile lile la kutenda dhambi. Hata Kiswahili chetu chasema vivyo hivyo: aliyepitisha mshale kando amekosa, na aliyemtendea jirani ubaya amekosa. Naye Paulo katika Warumi 3:23 atuambia kwamba sisi sote tumepungukiwa.

Leo twawaza hasa juu ya wazazi walio na mtoto wa mbali. Labda yuko mjini na haleti habari. Labda analala nyumba hiyo hiyo, lakini moyo wake umekwenda mbali kuliko mji wo wote. Alipokuwa mdogo mlimfikia kwa neno moja tu. Sasa maneno yenu yaanguka njiani. Nasi wazazi, tukiona hivyo, mara nyingi twavuta kwa nguvu zaidi: twafoka, twatisha, twamwambia asirudi tena. Mikono yatetemeka, na mshale wamjeruhi tusiyetaka kumjeruhi.

Twawasihi, msiongeze ukali. Pendo liwe lile lile la siku zote, wala lisipungue kwa sababu amekwenda mbali. Lakini inueni mkono. Mtazameni Mungu aliye juu ya mtoto huyo, mkamwombee kwake, maana Yeye aweza kufika mahali ambapo sauti zetu hazifiki.

Wala hatuvuti peke yetu. Yoashi mfalme wa Israeli alikwenda kwa Elisha, nabii akiwa mgonjwa wa kufa. Elisha alimwagiza aushike upinde, kisha akaiweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme. Dirisha la mashariki likafunguliwa, na mfalme akapiga. Hebu fikirini: mikono ya mzee mgonjwa ingeongeza nguvu gani kwa mikono ya mtu wa vita? Lakini mfalme alipaswa kujua kwamba ushindi watoka kwa Bwana.

Kisha akaambiwa aipige nchi kwa mishale. Akapiga mara tatu, akaacha. Mtu wa Mungu akakasirika, kwa sababu ingalimpasa kupiga mara tano au sita. Je, sisi tumeomba mara ngapi kwa ajili ya yule wa mbali, kabla ya kuushusha mkono? Hatuwaahidi kwamba atarudi kesho. Hatuijui saa. Lakini jioni hii, kabla ya kulala, litajeni tena jina lake mbele za Mungu.

Na tuombe. Ee Baba, weka mikono yako juu ya mikono yetu dhaifu. Utusamehe tulipovuta kwa hasira. Uwafikie watoto wetu walio mbali, nasi utupe saburi ya kungoja. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.